Pleti Zikichakaa: Namna ya Kuzibadilisha Kwenye Jimu ya Timu ya Chuo

Pleti ya paundi 45, ile sahani nzito yenye tundu inayovishwa kwenye baa ya kunyanyulia, ikibanduka rangi, kila anayepita anaiona. Ikipungukiwa na uzito, haoni mtu mpaka uipandishe kwenye mizani. Kwa hiyo ukiambiwa pesa imepatikana na pleti za jimu zibadilishwe, weka katalogi kando kwanza. Tafuta mizani nzuri, kalipa ya kupimia matundu, nyundo ya mpira na kopo la rangi ya kuwekea alama. Hivyo vinne ndivyo vitakavyokuonyesha kipi kitoke na kipi kibaki. Macho peke yake yatakudanganya, na macho ya wakubwa wa ofisini ndiyo yanayodanganyika haraka zaidi.

Kazi yangu ni kutunza jimu ya timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, katika chuo kimoja cha Ohio. Timu kama hii ina wachezaji wanaofika mia moja au kuzidi, na wanaingia kwa makundi kuanzia alfajiri: hili likitoka, lile liko mlangoni. Pleti hapa hazipumziki. Zinagongana, zinaangushwa, zinaburuzwa, na kila jioni zinapulizwa dawa ya kuua vijidudu ambayo nayo ina madhara yake. Usishangae kuona pleti ambayo jimu ya kawaida ingekaa nayo miaka na miaka, hapa kwetu inachoka mapema.

Pima zote za 45 kabla ya kutupa hata moja

Weka mizani juu ya zege tupu. Ukiiweka juu ya sakafu ya mpira itakuyumbia na kukupa namba tofauti kila mara. Iwe inasoma angalau sehemu ya kumi ya paundi, na kabla hujaanza ipime yenyewe kwa jiwe la mizani ambalo uzito wake una uhakika nao. Kisha pandisha pleti moja moja, mwenzako akiandika. Andika namba halisi kwa chaki kwenye uso wa pleti, hata kama inalingana kabisa na iliyochorwa kiwandani.

Utashangaa. Pleti za kawaida za chuma cha kusubu huuzwa zikiwa na tofauti ya asilimia 2 au 3 juu au chini ya uzito ulioandikwa, na hilo ni kabla hazijatumika. Pleti za mashindano ni habari nyingine: shirikisho la kimataifa la powerlifting, mchezo wa kunyanyua vyuma vizito, linataka tofauti isizidi asilimia 0.25 au gramu 10. Jimu ya chuo haihitaji ukali wa namna hiyo, lakini haiwezi kuishi na ulegevu wa asilimia 3 pia.

Hesabu yenyewe ni hii. Baa ina paundi 45. Ukiweka pleti nne za 45 kila upande unapata 405, uzito ambao wachezaji wengi wa mstari wa mbele wanaupita kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama na baa mabegani, bila jasho kubwa. Sasa kila pleti ikipungua asilimia 2, yaani paundi 0.9, pleti nane zimekuibia paundi 7.2. Kijana akijaribiwa Januari kwenye raki (fremu ya chuma inayoshika baa na pleti zake) yenye pleti nzito, Mei akajaribiwa kwenye raki yenye pleti nyepesi, ataonekana amepanda na kumbe amebadilisha raki tu. Na kocha anapanga mazoezi ya wiki zijazo kwa asilimia ya namba hiyohiyo. Baya zaidi ni pale nzito zote zinapokutana upande mmoja na nyepesi upande wa pili. Hapo mgongo wa mtu unabeba mzigo uliopinda, naye anadhani ana udhaifu wa nyonga.

Mpaka wangu ni huu: pleti isiyozidi asilimia 1 juu au chini, yaani takriban paundi 0.45 kwa pleti ya 45, inabaki. Iliyo kati ya asilimia 1 na 2 inatafutiwa pacha mwenye kosa linalofanana nayo, zote mbili zinapigwa nukta ya rangi moja karibu na tundu, na zinakaa kwenye raki ya kupashia mwili. Iliyozidi asilimia 2 inaondoka kwenye baa kabisa. Haina maana imekufa: sledi ya kusukuma uwanjani haijali kama pleti ina 45 au 43 na nusu.

Ukiwa hapo hapo, zichambue pleti za kilo zilizojipenyeza. Pleti ya kilo 20 ina paundi 44.1, na zile za raba zina kipenyo kilekile cha milimita 450, hivyo mchezaji mwenye haraka hataona tofauti. Ama zipe jukwaa lake (sehemu ya sakafu ya kunyanyulia na kuangushia baa) peke yake, ama zitoe.

Tundu, bushi na nyufa

Hapa ndipo nisipotaka mtu apite haraka, kwa sababu pleti yenye uzito sahihi inaweza kuwa mbovu kuliko nyepesi.

Mkono wa baa, pale pleti zinapoingia, una kipenyo cha milimita 50. Tundu la pleti nzuri linazidi hapo kidogo tu. Ingiza kalipa kwenye tundu, pima mara mbili, ya pili ukiwa umezungusha robo duara. Namba mbili zikitofautiana, tundu limekuwa yai. Likifika milimita 53 mimi naitoa, kwa sababu pleti hiyo inacheza kwenye baa, inagonga, inapinda kidogo kila mtu anaposhuka na skwati, na pole pole inatembea kuelekea kwenye kibanio kinachozuia pleti zisitoke, na kukilegeza.

Kwenye pleti za raba, tazama bushi, ile pete ya chuma iliyoshikwa katikati kuzunguka tundu. Ishike pleti imesimama, weka kidole gumba juu ya bushi na sukuma kwa nguvu huku na huku. Isitikisike. Kisha chukua tochi uangalie mpaka kati ya bushi na raba. Mwanzo wa ugonjwa ni mstari mwembamba mweusi unaong'aa, kama unywele, unaozunguka robo ya bushi. Ukiikandamiza raba kando yake, mstari unafunguka na kufunga mdomo. Ukiona hivyo usisubiri: siku si nyingi bushi itazunguka yenyewe, na siku moja pleti itaangushwa, bushi ibaki kwenye baa na raba ijiendee zake chumbani.

Chuma cha kusubu kina kipimo chake cha zamani ambacho hakijapitwa. Ning'iniza pleti kwenye kipande cha kamba kilichopita kwenye tundu, isiguse kitu, halafu igonge ukingoni kwa nyundo ya mpira. Pleti nzima inalia kengele na sauti inachukua muda kufa. Pleti yenye ufa inatoa mlio mfu, unakatika hapohapo, hata kama ufa wenyewe umefichwa na rangi. Chuma cha kusubu hakipindi kabla ya kuvunjika, kinakatika ghafla. Pleti yenye mlio mfu hairudi rakini hata kwa siku moja, na asikubembeleze mtu. Zile za chuma kilichovishwa raba haziwezi kupimwa hivyo, maana raba inameza mlio. Hizo zitazame pale raba ilipovimba au kuachia, kwa sababu chini ya uvimbe kuna kutu.

Kuhusu kutu: dawa zenye klorini zinakula bushi na chuma kisichofunikwa, na petroli au thina zinaharibu raba. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha, kisha kitambaa kikavu. Na kama una pleti za miaka mingi unazotaka kuzipiga rangi upya, kumbuka kwamba rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya majumbani Marekani mwaka 1978. Pleti ya kabla ya hapo usiipige msasa mkavu na kuvuta vumbi lake. Ama ipake rangi juu kwa juu, ama iache.

Ununue nini

Watu wananiuliza raba au chuma, kana kwamba ni lazima uchague moja. Urefu wa mkono wa baa ndio unaokuamulia. Mkono wa baa ya wanaume ya Olimpiki una milimita 415, yaani inchi 16 na kidogo. Pleti nyingi za raba za bei ya kati, za 45, zina unene wa inchi 3 na robo. Nne zinakula inchi 13, unabaki na nafasi ya pleti ndogo na kibanio. Ya tano inaingia kwa kubana, na kibanio hakina pa kushika. Sasa mchezaji wa mstari wa mbele anayetaka skwati ya 495 anahitaji tano kila upande, na wa 585 anahitaji sita. Kwa hiyo raki za skwati na benchi zipate chuma, ambacho kwa kawaida ni inchi moja na nusu hivi, na majukwaa ya klini, yaani kunyanyua baa kutoka sakafuni hadi mabegani, ambako baa inaangushwa, yapate raba. Uretheni, aina ya plastiki, ni ngumu, haina harufu, haichubuki ovyo, na ni ghali kuliko zote. Mimi ninaipenda kwenye pleti ndogo zinazoshikwashikwa kila dakika.

Raba nazo hazilingani. Raba ya kusaga, ile inayotokana na matairi, ni nene, inadunda sana, na inavumilia mateso. Raba halisi, isiyotokana na matairi, ni nyembamba na ngumu zaidi, na baa hairukiruki ikitua. Kwenye chumba chenye majukwaa yaliyopangwa bega kwa bega, baa inayoruka ni hatari kwa jirani, hivyo huko chagua isiyodunda. Pleti za raba za paundi 10 usiruhusu ziangushwe zikiwa peke yake kwenye baa, hata muuzaji akisema nini. Ni nyembamba mno na zinapinda.

Jambo moja linalosahaulika: usichanganye pleti za raba za mifano miwili kwenye jukwaa moja. Iliyochakaa imeliwa ukingo na imepungua kipenyo kwa milimita kadhaa. Ukiiweka pamoja na mpya, mpya ndiyo inayogusa sakafu kwanza na kubeba kishindo chote peke yake. Ukibadilisha, badilisha jukwaa zima.

Idadi ninayoitumia kwa raki moja: pleti kumi za 45, nne za 25, nne za 10, nne za 5 na nne za 2.5. Pleti za 35 siziagizi. Zinafanana na 45 kwa mbali, zinachukua kigingi kizima, na wachezaji hawana haja nazo.

Halafu kuna nembo. Kila mwaka mtu wa ofisini anataka pleti zenye nembo ya timu na rangi ya chuo, kwa sababu vijana wa sekondari wanaotembelea chuo wanapigwa picha jimuni. Sipingi, picha hizo zina faida yake. Ninachopinga ni kununua nembo kwa pesa iliyokuwa inunue usahihi. Ukilazimishwa, weka nembo kwenye 45 peke yake, na kabla hujasaini muulize muuzaji kwa maandishi: tofauti ya uzito ni asilimia ngapi, bushi ni ya chuma gani, dhamana ya bushi ni muda gani, na pleti isiyofikia inarudishwa kwa gharama ya nani. Muuzaji anayekujibu kwa kukutumia picha za nembo, mwache.

Wakati wa kufanya kazi

Januari hadi mwanzo wa Machi ni msimu wa uzito mkubwa, usiguse kitu. Machi na Aprili kuna mazoezi ya masika, siku 15 zinazoruhusiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na jimu bado ina watu. Dirisha lako ni Mei, mitihani ikiisha na kabla vijana hawajarudi kwa mazoezi ya kiangazi. Hiyo ina maana upimaji ufanyike Desemba, wakati wengi wako likizo, na oda itoke mapema baada ya hapo. Pleti zenye nembo zinachukua muda kutengenezwa. Chuo cha serikali kina taratibu zake za zabuni, na karatasi inaweza kulala kwenye meza ya mtu muda mrefu kuliko pleti ilivyokaa kiwandani.

Mzigo ukifika

Pleti 44 za 45 ni paundi 1,980, karibu tani moja ya Kimarekani, na zote zinakaa juu ya paleti moja. Uliza mapema kama lori lina lifti ya nyuma, maana madereva wengi wanaishia mlangoni na hawaingizi kitu ndani. Pima upana wa milango yako. Usiipitishe troli ya paleti juu ya mbao za majukwaa bila kutandika plaiwudi nene.

Usisaini kabla ya kuangalia. Ukiona mkanda umekatika, boksi limepasuka au pleti imeegemea nje, iandike kwenye karatasi ya dereva kabla hajaondoka, na upige picha. Ukishasaini kwamba mzigo uko salama, kudai baadaye ni vita. Mikanda ya chuma ikate ukiwa umesimama pembeni, miwani usoni, kwa sababu inaruka. Toa pleti kuanzia juu, na ukizipanga sakafuni weka kijiti cha mbao kati ya moja na nyingine, vidole vipate pa kutokea.

Kisha mizani tena. Pima kila pleti mpya ya 45 kabla haijaingia chumbani. Ndogo unaweza kupima chache kutoka kila boksi, na ukikuta moja mbovu pima boksi zima. Unapozipima, zipange kwa namba na zipe mapacha: nzito na nzito, nyepesi na nyepesi, kila jozi iende raki moja. Harufu ya raba mpya itakuwa kali siku za mwanzo, hasa joto la Juni likianza. Zifute kwa sabuni na fungua milango ya nyuma.

Kubadilisha rakini

Maliza raki moja kabla ya kugusa inayofuata. Toa zote za zamani, futa vigingi, kagua baa, pandisha mpya. Raki ambayo haijafungwa sakafuni inaweza kuinama ukiivua upande mmoja tu, kwa hiyo toa moja kushoto, moja kulia. Sheria hiyohiyo ni ya baa iliyopakiwa: ukivua upande mmoja wote, upande wa pili utaipindua na mtu ataumia meno.

Kagua mkono wa baa kwa ukucha. Ukikwama kwenye kijino cha chuma, kisugue kwa kitambaa cha msasa mpaka ukucha upite. Kijino kimoja kinatosha kuharibu bushi mpya kumi. Vibanio navyo vijaribu kwenye pleti mpya. Vilivyolegea vitoke pamoja na pleti zilizovilegeza.

45 zikae kwenye vigingi vya kati ya goti na nyonga. Wengine wanaziweka chini kabisa ili raki itulie, lakini raki iliyofungwa vizuri haihitaji msaada huo, na mchezaji aliyechoka asilazimike kuinama hadi sakafuni kuchota paundi 45. Ndogo ziende juu, zikitazamana pande zote mbili kwa idadi sawa.

Za zamani ziende wapi

Nzima lakini zisizo sahihi ziende kwenye sledi. Zinazobaki, kama chuo ni cha serikali, kwa kawaida ni mali ya kupitia ofisi ya vifaa vilivyozidi, hata kama zinaonekana takataka. Mchezaji akikuomba mbili akafanyie mazoezi nyumbani, usimpe kabla ya kuuliza ofisi inayosimamia kanuni za NCAA chuoni. Zawadi ndogo imewahi kuwaletea watu barua ndefu.

Za chuma tupu mnunuzi wa vyuma chakavu anazichukua kwa uzito. Zilizovishwa raba anaweza kuzikataa au kutoa bei ya chini, kwa hiyo zitenganishe kabla ya kumwita. Zenye ufa zipige msalaba mwekundu pande zote mbili, kisha zivunje kwa nyundo nzito nje ya jengo, miwani ikiwa usoni. Ukiziacha nzima kando ya pipa, kesho yake utazikuta zimerudi rakini.